Tangi Tulilompelekea Mama Kamau

Kabla maji hayajafika kwenye mfereji wako, bomba hukohoa. Hutoa hewa, hunyamaza, hukohoa tena, hutema maji ya rangi ya kutu, na mwishowe huleta maji yenyewe. Watoto wa mitaa ya Umoja na Kware hapa Nairobi wanaijua sauti hiyo kuliko kengele ya shule. Mimi ndiye niliyekuwa nikilikohoza bomba. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mfungua valvu. Nilitembea na ufunguo wa chuma wenye umbo la T, mzito kama mtoto aliyelala, nikifungua mtaa huu na kufunga ule kulingana na zamu. Ukifungua mapema, watu wanakuita baba. Ukichelewa, wanamtaja mama yako.

Sasa nimestaafu. Ninakaa Mowlem na magoti yangu, na siku hizi tunakaa nyumbani muda mwingi, mimi na hayo magoti. Vijana wangu, baadhi yenu mnaanza kazi hii ya maji na wengine mnakunywa tu na kwenda zenu. Ninataka kuwaeleza jambo moja nililolijua nikiwa nimechelewa kidogo. Sikujifunza kwenye valvu. Nilijifunza kwa mwanamke mmoja wa milimani ambaye hajawahi kulala Nairobi hata siku moja.

Lakini kwanza nimtaje mwalimu wangu, maana bila yeye hata hilo la mwanamke nisingelielewa. Aliitwa Mutiso, fundi wa zamani, mtu mfupi wa kucheka kwa mabega. Siku ya kwanza aliponikabidhi ufunguo aliniambia, "Fungua kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga." Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kisa chake mwenyewe. Siku moja ya ujana wake alikuwa na haraka ya kwenda kusikiliza mpira redioni, akaizungusha valvu kwa nguvu zote. Maji yakaja mbio, yakagonga bomba la zamani, bomba likapasuka. Lilipasuka chini ya hema la harusi. Maji yalitoka ardhini yakaenda juu mpaka kwenye keki.

"Bibi harusi alibebwa na mume wake kabla hata ya kula kiapo," Mutiso alisema. "Mchungaji akatangaza kwamba ni baraka zimeshuka. Nikasema amina kwa sauti kubwa, nikaondoka."

Basi shikeni hilo. Valvu inafunguliwa polepole: robo mzunguko, unangoja, unaegemeza sikio kwenye mpini wa ufunguo, unasikia maji yanavyotembea, halafu unaongeza. Siku hizi kuna valvu zinazofunguliwa na mtu aliyekaa ofisini na kompyuta. Ni vizuri. Lakini kompyuta ikizima, mkono wako uwe unajua.

Kitu kingine Mutiso alichonifundisha ni chupa. Kila mvua kubwa iliponyesha huko juu milimani alikuwa akienda kwenye mtambo kuchukua maji ghafi, yale ambayo bado hayajasafishwa, anayajaza kwenye chupa ya kioo na kuiweka dirishani pa stoo. Ukirudi baadaye unakuta maji yamejigawa: juu ni meupe kidogo, chini kuna tabaka la udongo mwekundu. Anainyanyua chupa, anaielekeza kwenye mwanga, anasema, "Hapo chini ni shamba la mtu."

Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Haukuwa mzaha. Maji tunayokunywa Eastlands, huku mashariki mwa jiji, mengi yanatoka kwenye vijito vya miteremko ya Nyandarua. Huko watu wanalima, na wanalima mpaka ukingoni kabisa, kwa sababu ukingoni ndiko kwenye unyevu. Mvua ikinyesha juu ya udongo uliochimbuliwa, udongo unateremka nayo. Unaingia kijitoni, unaingia bombani, unafika kwenye mtambo wa kusafisha maji. Pale mtamboni wanatia shabu, ile dawa ya kugandisha tope lizame chini. Tope likizidi, shabu inazidi. Likizidi kabisa, wanapunguza maji wanayoyapokea, maana mtambo hauwezi kumeza shamba zima. Na wakipunguza kule, mimi huku ninafunga valvu, na wewe unatandika mitungi yako kwenye foleni unanung'unika.

Kwa hiyo msidanganyike kwamba kuna maji ambayo udongo wake haulipiwi na mtu. Utalipia. Ama utalipia shabu na matengenezo ya mtambo, ama utalipia nyasi huko juu ili udongo usiteremke. Nyasi ni rahisi zaidi. Lakini nyasi ziko kwenye shamba la mtu, na mtu huyo naye anakula.

Hapo ndipo ulipoingia mradi. Ulikuwa mradi mdogo, ukiongozwa na afisa mmoja binti mpole, aliyekuja Kware akiwa na chati na uvumilivu mwingi. Aliniomba nifuatane naye kwa sababu watu walinijua. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wanaonunua maji kwenye vioski waongeze sarafu moja, itiwe kwenye kopo. Makopo ya vioski vya Kware yakusanywe pamoja, mradi uongezee kidogo, na malipo yaende kwa mkulima mmoja wa ukingoni atakayekubali kuuacha ukanda wa mto uote nyasi na mianzi. Sehemu nyingine za mji zingepewa wakulima wengine. Kila watu na mtu wao.

Tulianzia kwa Mama Halima. Huyu alikuwa mzaliwa wa Pumwani, mwenye kioski cha maji kilichobanwa katikati ya magorofa, na mwenyekiti wa chama cha wanawake wa vioski. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kujaza mitungi. Aliyepinga alikuwa Kevo, kijana wa mkokoteni aliyekuwa akinunua maji pale na kuyapandisha ghorofani.

"Buda, niaje," aliniambia. "Nimeskia mnataka tulipe mkulima asilime. Na mimi nisiposukuma huu mkokoteni, ni nani atanilipa?"

Foleni nzima ilicheka. Nami nikacheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

"Atalima," nikamwambia. "Ni pale ukingoni tu hatalima."

"Sawa. Akiwacha hapo ukingoni, maji itaongezeka?"

"Haitaongezeka. Itakuwa na tope kidogo, na mvua ikinyesha hatutafungiwa ovyo."

"Kwa hivyo natoa doo ndio kitu isitokee?"

Mama Halima ndiye aliyemjibu, akiwa ameinama kwenye mfereji.

"Kevo, pale plotini kwenu si mna askari wa usiku?"

"Tuko naye."

"Akilinda vizuri, asubuhi unaona nini?"

Kevo akafikiri. "Sioni kitu, mathee."

"Basi hicho ndicho unachokilipia. Tia sarafu, sogea, unazuia wenzio."

Nimewahi kusikia wataalamu wengi wakieleza jambo hili kwa picha na mishale. Hakuna aliyelieleza vizuri kumshinda mama yule.

Tulipanda milimani sisi watatu, afisa, Mama Halima na mimi, kwenda kumwona mkulima tuliyepewa. Alikuwa Mama Kamau, mjane, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Shamba lake lilikuwa jembamba, likiteremka kutoka barabarani mpaka kijitoni. Juu alikuwa na mahindi, katikati viazi, na chini kabisa, kwenye tope la ukingo, nduma, yaani magimbi. Majani ya nduma yalikuwa makubwa kama masikio ya ndovu, yanang'aa.

Alituonyesha kila kitu kabla ya kusema neno juu ya mpango. Halafu akasimama pale kwenye nduma.

"Mahindi ni ya kula," alisema. "Viazi ni vya kula na kuuza kidogo. Lakini hizi nduma ndizo zinanivusha. Baada ya Krismasi hakuna kitu shambani. Nazichimba kidogo kidogo, nauza, na kwa hiyo pesa ndio nanunua mbegu na mbolea kabla mvua haijaanza. Mkinitoa hapa, mniletee hicho. Na kije kabla ya mvua. Kikija baada ya mvua, kwangu ni kama hakikuja."

Vijana wangu, ukisikiliza hapo utaona kwamba mkataba wote umo: kiasi gani, kwa ajili ya nini, na lini. Hakuacha hata tundu moja.

Mama Halima alimshika mkono. "Sisi ni watu wa chama, dada. Zamu ya mtu hatuikosi."

Mwaka wa kwanza hatukuikosa. Pesa ilifika mapema, Mama Kamau alipanda mbegu zake, na ule ukanda akaupanda nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, pamoja na miche ya mianzi aliyopewa na mradi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda kuuona wakati wa mvua. Kwa jirani yake maji yalikuwa yakiteremka kati ya viazi yakiwa mekundu, yanaingia kijitoni kama mtu anayemwaga ndoo. Kwake yalifika kwenye nepia yakapunguza mwendo, yakazama, na upande wa pili yakatokea yakiwa yametulia. Nilisimama pale nikinyeshewa, nikamkumbuka Mutiso, aliyekuwa ameshafariki. Nilitamani auone ule ukanda. Angecheka kwa mabega.

Sasa nifike kwenye tangi.

Lazima nieleze kwanza jinsi chama cha wanawake wa Kware kinavyofanya kazi, la sivyo mtafikiri watu wale walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Wanachama wote huchanga, na zamu yako ikifika hawakupi pesa mkononi. Walifanya hivyo zamani wakaona matokeo: pesa inaingia asubuhi, mchana imeshaenda kwa kodi ya nyumba, jioni huna cha kuonyesha. Kwa hiyo wanakupa kitu. Sufuria, godoro, jiko la gesi. Wanakileta mpaka mlangoni kwa nyimbo, majirani wanaona, na kitu hicho kinabaki. "Pesa ina miguu," Mama Halima alikuwa akisema, "sufuria haina." Desturi hiyo imewajenga wanawake wengi pale. Nimeziona nyumba ambazo kila kilichomo, mpaka pazia, kilikuja kwa kuimbiwa.

Basi mwaka wa pili ulipofika, chama kiliketi na kusema: huyu Mama Kamau sasa ni mwenzetu. Mbona tunampelekea pesa kama mgeni? Apewe kitu. Na wakauliza, mtu apewe kitu gani kilicho kikubwa kuliko vyote?

Uliza swali hilo mahali popote Kware, Pipeline au Umoja, na utapata jibu moja. Tangi. Tangi jeusi la plastiki, kubwa, lenye mfuniko. Mtu mwenye tangi hapangi foleni. Mtu mwenye tangi anaoga siku ambayo si zamu. Nimewaona mabwana harusi wakikubaliwa upesi zaidi kwa sababu plotini kwao kuna tangi. Hakuna aliyesimama kwenye kikao kile na kusema kinyume. Hata mimi niliyekuwa mgeni wao niliona ni zawadi ya fahari.

Walikwenda soko la Gikomba kununua leso, zile kanga za kina mama, za kulifunga. Tangi zima likavalishwa leso, likafungwa kamba, likapakiwa kwenye lori dogo, na kina mama wakapanda nyuma wakiimba. Barabara nzima watu walitupungia mikono. Tulifika kwa Mama Kamau tukiwa tumekauka makoo.

Alitoka jikoni akijifuta mikono. Akalitazama tangi. Akageuka akatazama nyuma ya nyumba yake, kule mtoni, kisha akalitazama tangi tena.

"Ni kubwa," alisema.

"Ni lako!" Mama Halima akamwambia, na vigelegele vikapaa.

"Asanteni. Asanteni sana." Kisha akaongeza, kwa sauti ile yake ya chini, "Mvua inakaribia, eh?"

"Ndiyo maana!" kina mama wakajibu. "Litajaa!"

Tulikula viazi vyake, tukanywa chai yake, tukacheza. Tuliporudi kila mtu alikuwa na furaha. Nimeirudia siku ile akilini mara nyingi sana. Alitwambia. Katikati ya kelele zetu alitwambia, kwa namna ambayo mtu mwenye adabu humwambia mgeni aliyembebea zawadi kutoka mbali. Na sisi tulisikia mvua, tukawaza kujaza.

Kumbe mwaka ule aliuza mbuzi wake wawili ili apate mbegu. Hakulalamika. Aliacha nepia mahali pake kwa sababu alikuwa ameshikana mkono na mtu.

Mwaka wa tatu mambo yalikuwa magumu pande zote. Mradi uliisha muda wake, kama miradi inavyoisha, na yule binti akahamishiwa kazi nyingine mbali. Chama kilibaki peke yake na makopo yake. Kisha lile bomba kubwa linaloleta maji upande wetu likaharibika, likatengenezwa, likaharibika tena. Zamu ya Kware ikapungua mpaka siku moja kwa wiki, Alhamisi. Hilo halikuwa na uhusiano wowote na Mama Kamau. Kijito chake kilikuwa kikitiririka vizuri tu. Lakini nenda ukamweleze hivyo mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri.

"Tumelipa miaka miwili," watu walisema kwenye kioski. "Maji yako wapi?"

Hapa niwape ushauri kwa upole, nyinyi mtakaowaendea watu na mipango ya namna hii. Sisi watu wa Eastlands tunapima maji kwa siku. Leo yapo, leo hayapo. Hiyo ndiyo rula yetu, hatuna nyingine. Ukanda wa nyasi hauongezi siku. Unapunguza tope, na tope lililopungua halionekani kwenye mtungi ambao mtambo umekwisha kuusafisha. Tulikuwa tumesema hivyo mwanzoni, kweli, mara moja, siku ya kwanza. Jambo kama hilo halisemwi mara moja. Linasemwa kila wiki, kama unavyomwambia mtoto anawe mikono. Wangepelekwa wakaona. Zingewekwa chupa kama ile ya Mutiso pale kwenye kaunta ya kioski, moja ya jirani na moja ya Mama Kamau, kila mvua. Hazikuwekwa. Sarafu zikakoma, na makopo yakatumika kuwekea sabuni.

Mvua za masika zilikuwa zimekaribia Mama Kamau alipompigia simu Mama Halima. Nilikuwepo pale kioskini. Mama Halima aliiweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji.

"Mama Halima, habari za watoto?"

"Wazima, dada. Za huko?"

"Nzuri. Mvua iko karibu. Mwaka huu mtaleta nini?"

Mama Halima alinitazama. "Unataka nini, dada?"

"Kile tulichosema siku ile pale kwenye nduma. Cha mbegu."

"Na tangi? Tangi halikusaidia?"

"Tangi ni zuri. Kuku wanalala humo. Lakini Mama Halima, mto unapita nyuma ya jikoni yangu."

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mama Halima alifunga mfereji. Akakaa kwenye mtungi. Watu kwenye foleni walianza kuuliza kuna nini, naye akawaeleza pale pale, kwa sauti, bila kuficha chochote.

Kevo ndiye aliyeanza kucheka.

"Wacha! Mlipelekea mtu wa mto tangi?" Alishika tumbo. "Mathee, hiyo ni kama kunipelekea mimi mkokoteni!"

"Cheka," Mama Halima akamwambia. "Cheka, halafu utoe sarafu."

Akatoa. Kwa kweli alitoa kwanza kuliko wote. Lakini wengi hawakutoa. Waliokuwa na hasira ya bomba walibaki na hasira ya bomba, na siku ya maji ilikuwa moja tu, kwa hiyo hata waliotaka kutoa walipita pale mara moja kwa wiki. Mama Halima alizunguka kioski kwa kioski. Akauza leso zake nzuri. Nami niliongeza nilichokuwa nacho. Ilituchukua muda, na muda ndio hasa yule mwanamke aliotuomba tuuangalie.

Tulipanda mimi na Mama Halima peke yetu. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha mara mbili tatu. Kutoka barabarani, kabla hatujashuka, niliuona ukanda. Ulikuwa mwekundu. Nepia zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa kando, zinanyauka. Mianzi ilikuwa imekatwa chini ya goti. Mama Kamau alikuwa amesimama katikati, tope likimfika kwenye ugoko, akipanda miche ya nduma mmoja baada ya mwingine. Alipotuona alinyooka, akaweka mkono kiunoni.

"Karibuni. Mmekuja na mvua."

Mama Halima aliteremka mpaka kwenye tope na viatu vyake vya mjini. Akamnyooshea bahasha.

"Hii hapa, dada. Ni kile cha mbegu. Kama ulivyosema."

Mama Kamau hakuipokea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Mbegu nimechukua kwa mwenye duka, na hii miche pia," alisema. "Nimemwambia nitamlipa nduma zikikomaa. Sasa nikizing'oa nitamwambia nini? Nitamwambia watu wa Nairobi wamekuja?"

"Basi iwe ya mwaka ujao. Ishike tu."

"Na mwaka ujao kopo likikataa?"

Mama Halima alifungua mdomo. Nilimjua kama mtu asiyekosa jibu, mtu aliyemnyamazisha Kevo akiwa ameinama. Aliurudisha tu ule mkono wenye bahasha.

"Sijakasirika," Mama Kamau akamwambia. "Ningekuwa nimekasirika nisingewapikia chai. Twendeni juu, inakuja nyingine."

Kweli ilikuja, tena kubwa. Tulikaa jikoni kwake, mlango ukiwa wazi, bati likinguruma juu yetu. Kutoka pale unaona mpaka chini. Maji yaliteremka kati ya viazi, yakafika kwenye ukanda ule uliochimbuliwa, hayakukuta kitu cha kuyazuia. Yaliingia kijitoni moja kwa moja. Kijito kikageuka rangi mbele ya macho yetu, upande wa huku kwanza, kisha chote.

Mama Kamau alimimina chai.

"Mzee wa maji," Mama Halima akaniita, bila kuondoa macho mlangoni. "Haya yatafika kwetu lini?"

Tone kwa tone hakuna anayejua. Lakini kazi yangu ilikuwa kujua zamu. Nilihesabu kimoyomoyo: yataingia bombani leo, yapite mtamboni, yatiwe shabu nyingi, yapunguzwe, yalale kwenye matangi makubwa ya mjini, halafu nije mimi na ufunguo wangu.

"Alhamisi," nikamwambia.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama.

"Alhamisi," akasema. "Nina foleni Alhamisi."